Turubai la Kanisa Lilikuwa Juu ya Paa Langu

Admin, jina langu lifiche, maana huku kwetu Ngara tunajuana hadi kwa kikohozi. Ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, mkulima, mzee wa kanisa na karani wa baraza la wazee. Watu wakigombana naitwa mimi kuwapatanisha. Mimi!

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kijana, nimeoa karibuni. Waumini waliongezeka hadi kanisa halikutosha, tukapewa turubai kubwa la kutuwekea kivuli uwanjani. Baada ya ibada lilikunjwa na kufungiwa stoo. Funguo tulikuwa nazo wawili, mimi na mwinjilisti mmoja mkimbizi kutoka Burundi, mtu mpole mwenye watoto watatu.

Masika yale nyumba yangu ilivuja, na mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Nikalichukua. Nilijiambia ni kwa siku chache tu, nikalitandaza juu ya paa na kulifunika kwa nyasi lisionekane. Jumapili stoo ikakutwa tupu. Hakuna aliyeniuliza. Wote walimgeukia mkimbizi, kwa kuwa kule kambini kila kibanda kilikuwa cha turubai.

Kwetu mkosaji husimama mbele ya kanisa na kulitaja kosa lake. Akikataa, hutengwa na Meza ya Bwana, asipewe mkate wala divai, hadi atubu. Yule mwinjilisti alisimama akasema, "Ndugu zangu, sikuchukua." Akatengwa. Wimbo ulipoanza niliimba, tena kwa sauti.

Baadaye nilitubu peke yangu chumbani, nikalia, nikahisi nimesamehewa. Kwenye ushirika wa Alhamisi, ambapo waumini huungama dhambi zao mbele ya wenzao, nikawa naungama hasira na wivu tu, watu wananishangilia. Mwinjilisti yule akarudi kwao Burundi.

Wiki iliyopita amekuja binti yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akanieleza kuwa baba yake ni mgonjwa, hainuki kitandani, na tangu miaka ile hajashiriki Meza ya Bwana hata mara moja. Alipofika kwao alimwambia mchungaji wa huko ukweli kwamba alitengwa, na akasema atangoja kanisa lililomtenga limrejeshe. Anaomba barua tu.

Baraza likakaa, likasema atubu kwanza. Binti akajibu, "Baba amesema hawezi kumdanganya Mungu ili apewe mkate." Mimi karani nikaagizwa kuandika barua ya kumkatalia.

Nilishindwa. Nikamfuata mchungaji wetu, nikamwambia yote. Akasema, "Mzee, Mungu alishakusamehe. Ukisema leo utalivuruga kanisa. Nitaongea na baraza, tumwandikie kwamba tumemsamehe, yaishe."

Tumemsamehe! Nani wa kumsamehe nani hapo?

Mke wangu anajua, alilala chini ya turubai lile. Ananisihi nikubali, mgonjwa apate Meza yake afe kwa amani, na watoto wetu wabaki na heshima yao. Binti amefikia kwangu. Kila asubuhi anafagia uwanja wetu na kunishukuru kwa ukarimu.

Anaondoka Jumatatu. Ndugu zangu, msiniambie Mungu husamehe, hilo nimelihubiri mwenyewe. Nishaurini hili: Jumapili nisimame mbele ya binti yule na kanisa zima, au nimkabidhi barua ya kwamba baba yake amesamehewa wizi nilioufanya mimi?