Kugaagaa

Kabla mama hajaanguka, neno kugaagaa katika mtaa wetu wa Mikelenge lilikuwa la kuku tu. Kuku alijitupa kwenye majivu ya jana, akajigeuza huku na huku, miguu juu, nasi tukasema anagaagaa, tukamwacha na raha yake.

Mama alikuwa mgeni. Baba, mfanyakazi wa reli, alituleta kutoka Kasai. Sisi watoto tulikiokota Kiswahili mchezoni. Yeye alikuwa bado anakionja kwa ncha ya ulimi.

Jumamosi moja, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wanawake walifyeka majani kando ya mto. Wenyeji walishuka pekupeku. Mama alivaa viatu vya kisigino, kwa sababu kwao mke wa mtu wa reli hasimami mbele ya wakubwa bila viatu. Udongo mwekundu ukamchukua. Alilala chali, na kila alipojaribu kuinuka kisigino kiliteleza tena, mikono ikitafuta majani ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyafyeka.

"Sitwayene, umepata kitanda?" mmoja akamwita kwa neno la serikali, yaani mwananchi.

"Mumuache! Mama wa Kasai anagaagaa!"

Neno hilo alilijua. Alijua ni la kuku.

Nyumbani hakunawa hata matope. Alifunga vikwembe vyake, vile vitenge vya kujifunga, furushi moja. "Treni ikija, narudi kwetu."

Jioni jirani yetu, bibi Mwislamu aliyekuwa amecheka pamoja na wenzake, aliingia na sahani ya wali na samaki wa mawese. Aliliona furushi. Akaketi sakafuni.

"Binti yangu, kula. Mugaagaa na upwa hali wali mukavu."

"Upwa njo nini?"

"Wazee walisema njo kando ya bahari. Mimi sijaiona. Upwa wangu njo huu mto. Nilipoolewa hapa niligaagaa palepale, na mutungi kichwani. Walinicheka mpaka nikalia."

"Na mutungi?"

"Ulipasuka! Mama mukwe alinisema mpaka musimu wa mvua ukaisha."

Mama akacheka, akala. Kisha akafungua furushi, akatoa kikwembe kisafi, akavua kile cha matope.

Neno lile lilikuwa limetembea kwa miguu kutoka bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, likafika mlangoni kwetu na samaki mkononi.

Salongo iliyofuata, mama alipita pekupeku, panga begani.

"Mama wa Kasai, unaenda wapi?" wakamuuliza.

"Kugaagaa," akajibu, bila kusimama. "Mutanikuta kule."