Mlio Niliousikia Nikaunyamazia

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapowasikia ninyi vijana mkibishana juu ya pikapu zenu za dizeli, huyu akisema injini ya Mjapani ndiyo injini, yule akisema ya hapa Australia ndiyo inayozijua barabara za hapa. Siwakatazi. Mimi nilibisha kuliko ninyi nyote, na ndiyo sababu nataka mnisikilize kidogo kabla chai haijapoa.

Wakati huo sikuwa na hata mvi moja. Nilikuwa nakaa Blacktown, kitongoji cha Sydney, naendesha pikapu ya Kijapani niliyoinunua kwa jasho la kusafisha maofisi. Katika Waswahili wetu wa mji huu, mwanamke mwenye pikapu nilikuwa peke yangu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa malori Korogwe, nami nilikulia miguuni pake, kati ya spana na makopo ya grisi. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kuisikiliza injini na kukwambia inaumwa wapi. Kipaji hicho kilinitia kiburi. Hakikuwa kiburi cha kelele, bali kile cha kukaa kimya ukitabasamu, na hicho ndicho kibaya zaidi.

Mpinzani wangu alikuwa Wanyonyi, Mkenya wa Bungoma, mtu mpole. Siku za kazi alihudumia wazee majumbani, mwisho wa wiki alibeba matawi na majani ya bustani za watu. Pikapu yake ilikuwa ya kampuni ya hapahapa, naye aliipenda kama wengine wanavyompenda ng'ombe wao. Kila Jumamosi, vijana wakicheza mpira, sisi wenye magari tulikusanyika kwenye maegesho tukafungua maboneti.

"Dada Rehema, hii imezaliwa hapa," alikuwa akisema, huku akilipiga boneti kofi. "Jua la hapa inalijua. Hiyo yako ni mgeni tu."

"Ni mgeni, lakini anafika anakokwenda," nami nilikuwa nikimjibu, na watu wote wanacheka.

Kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tulianza kwa utani, tukafika mahali pa kuombeana mabaya. Hatukuulizana tena hali za nyumbani. Tulichoulizana ni gari la nani limelala barabarani.

Basi Jumamosi moja ya Januari, jua linachoma lami, Wanyonyi aliwasha gari aondoke. Nikasikia. Chini ya muungurumo wa dizeli palikuwa na mlio mwembamba wa kusaga, kama kijiwe kilichonasa kwenye kinu. Nikatazama chini, nikaona matone ya kijani ya maji ya kupoza injini. Ilikuwa pampu ya maji, nayo haikuwa na siku nyingi. Maneno mawili tu yangetosha: "Wanyonyi, zima." Nikayameza. Nikajiambia, acha imkatikie njiani, ndipo atajua injini ipi ni injini. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Siku nne baadaye alikuwa akimpeleka mama yake Campbelltown kumwona jamaa yao. Mama yule alikuwa amewasili kutoka Bungoma wiki mbili tu nyuma, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Katikati ya barabara kuu, saa nane mchana, pampu ikakwama, mkanda ukakatika, injini ikachemka na kuzima. Wakakaa kando ya barabara wakisubiri gari la kuvuta, pasipo na kivuli. Bibi wa watu ana presha. Akaishiwa nguvu, akaanguka, akachukuliwa na gari la wagonjwa.

Habari zilinikuta kazini, nikakimbilia hospitali. Kwenye viti vya nje ya wodi nilimkuta Mama Esta, Mkenya mtu mzima aliyekuwa muuguzi hapa Sydney tangu sisi hatujafika, ambaye sote tulimheshimu kama mzazi. Nikaketi kando yake, na mwanangu, hata pale ulimi wangu haukunisetiri.

"Nilijua lile gari litawaangusha," nikasema.

Mama Esta akanigeukia polepole. "Ulijua lini?"

"Jumamosi. Nilisikia pampu inasaga."

"Ukamwambia?"

Nikatikisa kichwa. Hakupandisha sauti. "Basi umeshinda, Rehema. Ingia ndani umwambie huyo mama kwamba umeshinda."

Nikaingia. Mama wa Wanyonyi alikuwa amelala, mpira wa dripu umefungwa mkononi, midomo imekauka. Akafumbua macho. Hakunijua mimi ni nani. Aliona tu mtoto wa watu amesimama na nguo za kazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Karibu, mwanangu. Umekula?"

Nililia mbele yake kama mtoto.

Wanyonyi nilimkuta kwenye korido, nikamweleza yote, sikuficha. "Ulisikia," akasema, "na ukaniangalia nikienda. Rudi nyumbani, Rehema."

Mama alipona, ashukuriwe Mungu. Siku ya tano akaruhusiwa kutoka. Lakini Wanyonyi hakunipigia simu wiki tatu, na sikumlaumu. Kisha asubuhi moja simu ikalia. "Gari iko Guildford, kwa gereji ya jamaa yangu. Kuja uskize kama kuna kitu ingine."

Nilikwenda na spana za baba. Tulifanya kazi Jumamosi mbili, mara ya kwanza bila maneno mengi. Tulipokuwa tukisafisha mafuta ubavuni mwa injini ile aliyoiita mzaliwa wa hapa, tukakuta kibati kimeandikwa jina la nchi ya ng'ambo ilikotengenezwa. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Na wala si kwamba yangu ilikuwa bora. Pampu ya Mjapani wangu ilikufa mwaka uliofuata, na aliyeniambia mapema kwamba inavuja ni Wanyonyi.

Sitawadanganya kwamba mambo yalirudi kama zamani. Palibaki kovu. Kwa miaka mingi, kila alipowasha gari mbele yangu, aliningoja kidogo aone kama nitasema neno. Nami nilisema, hata kama ni kumwambia tu, "Iko sawa, nenda."

Sasa neno langu ndilo hili, mwanangu. Nyumba njema si mlango, na injini njema si nembo iliyobandikwa mbele. Bisheni, chekeni, kila mtu asifie chake. Lakini siku ukiona hatari kwa mwenzako na moyo ukakwambia nyamaza ili ushinde, jua kwamba ubishi umeshakula utu wako. Sema hapohapo, hata kama atakucheka, hata kama neno lako litamfanya aonekane yeye ndiye mshindi. Na kama umeshakosa, usingoje kugunduliwa. Nenda mwenyewe ukaseme, kisha ukubali kungojeshwa.

Mungu awalinde katika safari zenu za nchi hii ya watu. Awape marafiki wasioona haya kuwaonya, nanyi awafanye kuwa marafiki wa namna hiyo. Wazazi wenu wakija kuwatembelea, wawakute mnapendana. Amina.