Msumeno wa Baba na Mabati Mawili

Marehemu baba alikuwa seremala wa milango na madirisha kule Newala, na hakuna kitu alichokionea wivu kama msumeno wake. Mimi mwanawe alinioza bila maswali mengi, lakini msumeno ule hakumwazima mtu. Kabla ya kukata ubao aliupapasa pande zote kwa kiganja akitafuta msumari, kwa sababu meno yakigusa chuma, alisema, kazi imeharibika. Jioni alikaa barazani na tupa yake ya pembe tatu, akanoa jino moja baada ya jingine, na ole wake atakayemsemesha.

Siku tuliyomzika msumeno ulikuwa umetundikwa ukutani, umepakwa mafuta. Pamoja nao alituachia paa la bati. Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho. Walipanda na malori yao mpaka vijijini, wanalipa papo hapo, watu wakachanganyikiwa kwa furaha. Kwa korosho za msimu mmoja mzuri baba aliteremka Masasi akarudi na mabati. Misimu iliyofuata walikuja na mizani yao na bei yao, ukitaka uza, hutaki kaa na korosho zako. Lakini nyasi za paa tulikuwa tumeshaziondoa. Baba alichimba na kisima cha maji ya mvua nyuma ya nyumba, akakisakafia kwa saruji. Yakabaki mabati mawili ya kutengenezea mifereji ya kuteremsha maji kutoka paani hadi kisimani. Aliyaegemeza chumbani akasema mvua zikikaribia atayakata. Zilipokaribia, mwenyewe alikuwa kaburini.

Huku juu maji ni taabu. Mashine iliyokuwa ikiyasukuma kutoka bondeni ilikufa, mabomba yakabaki makavu. Mama yangu aliteremka bondeni alfajiri kwa alfajiri, akapanda na ndoo kichwani, mpaka magoti yake yakawa yanavimba kila msimu wa kiangazi. Wenye nacho walinunua maji yaliyoletwa kwa gari. Soko huria, tuliambiwa, na kweli hata kiu ilipata mchuuzi wake. Kisima cha baba kingekuwa ndiyo mapumziko ya magoti yale, ila kilikuwa kikavu kwa kukosa mifereji tu.

Nilipanda kutoka Mkomaindo, kule Masasi nilikoolewa, nikae na mama mpaka arobaini ipite. Yeye alikuwa edani, haruhusiwi kutoka nje ya ua wake. Shehe aliwaeleza ndugu wa baba kwamba mjane ana haki yake katika mali ya mumewe. Wakaitikia vizuri sana, wengine mpaka wakafuta machozi, kisha wakaendelea na mila yao. Kwa mila hiyo mali ya mwanaume huenda kwa dada yake na watoto wa dada yake. Nyumba ilisimama kwenye ardhi ya ukoo wa mama, haikubebeka. Kilichobebeka kilibebwa. Baiskeli iliondoka hata matanga hayajaanuliwa.

Shangazi yangu, dada pekee wa baba, aliingia chumbani kumpa mama pole akatoka anajua yaliyomo. "Wifi," alisema, "yale mabati mawili tutayazungumza siku ya arobaini." Alisema kwa sauti laini kabisa, kama anaulizia chumvi.

Msumeno, kwa mila hiyo, ulikuwa wa mwanawe, binamu yangu. Alikuwa fundi wa mapaa, na kazi alifundishwa na baba mwenyewe. Hilo mama hakulipinga. Tatizo lilikuwa kwamba mkasi wa bati pale jirani alikuwa nao binamu huyohuyo. Kwenda kuuomba ni sawa na kwenda kumwambia shangazi njoo uyachukue leo.

Siku moja kabla ya arobaini, mama alitoka chumbani anaburuta bati la kwanza. Akaligonga kwa nyundo juu ya gogo mpaka mikunjo yake ikalala. Akalibana katikati ya mbao mbili, akaingia ndani tena, na alipotoka alikuwa ameshika msumeno wa baba.

"Njoo unikalie hapa," akaniambia.

"Mama, huo si wa mbao?"

"Nimekaa nao nyumba moja tangu sijakuzaa. Kaa."

Nikakaa juu ya mbao. Sijasikia sauti mbaya kama ile. Bati lilikuwa linapiga kelele, meno yanang'ata na kukwama, mama anayang'oa, anaanza tena. Halikukatika, lilichanika. Majirani wakachungulia juu ya ua, nikamsikia mmoja akisema mjane gani huyu, yuko edani na anapiga makelele kama gereji. Mama hakuinua uso. Ukingo wa bati ulimchana kiganja, akafunga kitambaa, akaendelea. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kila jino lilipovunjika alisema polepole, "Nisamehe, mume wangu." Niliwachukia wote siku ile, majirani, shangazi, binamu, na hata marehemu kidogo, aliyepata muda wa kunoa meno kila jioni asipate muda wa kukata mabati mawili.

Jua lilipotua mifereji ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa waya chini ya upenu. Ilikuwa imepinda na kuchongoka huku na huku. Baba angeicheka.

Kesho yake watu walisoma dua, wakala pilau, kisha ukoo ukakaa. Shangazi aliingia chumbani akatoka mikono mitupu.

"Mabati yako wapi?"

Mama akaonyesha juu kwa kidole.

Shangazi alipiga yowe kama tumefiwa upya. Akasema mama amemdhihaki marehemu, amekusudia, ana roho ya kwa nini. Binamu aliuchukua msumeno, akapitisha kidole gumba kwenye meno, au tuseme pale meno yalipokuwa, kisha akamgeukia mama.

"Mama, si ungeniita? Mkasi ninao. Ningekukatia, na msumeno ungebaki mzima."

"Ungenikatia, mwanangu," mama akasema, "na mama yako angeyabeba yakiwa yamekatwa vizuri."

Binamu akainama. Aliuviringisha msumeno ndani ya gunia akaondoka nao, ingawa haukuwa unafaa hata kwa kuni. Pengine alisema kweli. Nimelifikiria neno lake miaka yote hii, na bado sijaweza kumwamini. Shaka hiyo nayo ni mali tuliyorithishwa siku ile.

Mvua ilikuja, kisima kikajaa, na magoti ya mama yakapumzika. Lakini bati lililochanwa kwa msumeno wa mbao halidumu. Kutu ilianzia kwenye kingo zile zilizochanika ikatambaa, na haikupita misimu mingi maji yakawa yanashuka na wekundu. Mama aliyachuja kwa kitambaa, akayanywa bila kulalamika.

Kiangazi kimoja nilikuwa nimekuja kumwona, na bondeni kwenyewe maji yalikuwa ya kugombania. Shangazi alikuja na ndoo. Alikuwa amezeeka, anahema kwa hatua chache tu. Mama akamwitikia salamu, akaichukua ndoo mwenyewe, akachota kisimani, akamjazia mpaka juu. Mimi nisingempa hata tone, na nilimwambia mama hivyo baadaye.

Shangazi alichovya kidole, akaonja, akakunja uso.

"Maji yenu yana kutu, wifi," alisema. Akasubiri mama amtwishe.