Siku Santuri Ilipoishiwa Pumzi

Juzi nimenunua santuri nyingine Kagongwa, kwa kijana mmoja muuza vyuma chakavu. Sasa ziko tano ndani ya nyumba yangu ndogo ya Kambarage, na mwanangu ananiuliza mgeni akija atalala juu ya ipi. Yule kijana aliigeuza, akaitazama chini na ubavuni, akasema, "Bibi, hii haina hata pa kuchomeka waya. Unaenda kuifanyia nini?" Nikamwambia naenda kuizungusha. Akacheka, akanifungia kwa kamba ya katani.

Nilipofika nyumbani nikaweka sahani, ikaimba vizuri hadi katikati. Kisha ufunguo ukaisha. Sauti ikaanza kuzama, ikawa nzito, ikavutika kama ya mtu anayesinzia huku anaongea. Wewe uliyezikuta redio huenda huijui sauti hiyo. Mimi nikiisikia husimama pale pale nilipo, kwa sababu ndiyo iliyookoa ngoma ya kwetu. Nitakueleza kama ninavyokumbuka. Shule nilisoma madarasa manne tu, na kumbukumbu nyingine sijui kama ni zangu mwenyewe au nilipewa na bibi. Nisipokuwa na hakika nitasema.

Kwetu ni vijijini Shinyanga, na ninayoyasema ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Pamba ikishauzwa, ardhi ikawa ngumu na palizi imesahaulika, ndipo msimu wa ngoma ulipoanza. Asubuhi sisi wasichana tulitwanga mtama na kuchota maji, tukala michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na ilipofika mchana ulisikia ngoma zikijaribiwa baada ya kupashwa ngozi kwa moto wa mabua. Ule moshi wa mabua naunusa hata sasa ninapoandika.

Mashindano yalikuwa hivi. Vikundi viwili viliingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vikaanza kwa pamoja. Majaji hawakuwapo. Watazamaji walikuwa huru kuhama watakavyo, na jua likielekea kuzama, upande uliokuwa na watu wengi ndio ulioshinda. Ungeweza kuimba mpaka mishipa ikutoke; watu wakikupa mgongo, umeshindwa.

Kiongozi na mtunzi wa ngoma tulimwita ningi. Ningi wetu alikuwa jirani ya bibi, mtu mrefu mwembamba, na kwa kutunga sijaona wa kumfikia. Lakini wenzetu wa ng'ambo ya mbuga walikuwa na mtu aliyecheza na chatu. Sasa niambie, nani atabaki kusikiliza maneno mazuri wakati kule mtu amevaa chatu shingoni? Tulishindwa mwaka hadi mwaka. Vijana wetu wakaanza kuhamia kule mmoja mmoja. Nakumbuka ningi ameketi jikoni kwa bibi, anamwambia, "Mayu, tukishindwa na safari hii, ngozi za ngoma nitazifanyia viti." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Bibi aliendelea kusonga ugali, lakini nilimwona anasonga kwa nguvu kuliko kawaida.

Ndipo mjomba akarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Alikuja na baiskeli, blanketi, na santuri ya sanduku. Watu husimulia kwamba wazee wa zamani walidhani kuna mtu ndani. Wa kwetu hawakudhani hivyo, lazima niwatendee haki. Walijua ni mashine, kama cherehani ilivyo mashine. Kilichowashangaza ni yule mwanamke wa pwani aliyekuwa akiimba kwenye sahani. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu haombi hata maji."

Mjomba akatoa wazo: santuri iende uwanjani ivute watu. Ningi alikataa. "Nikishinda kwa kinywa cha mwanamke wa pwani, mimi nitakuwa nimeshinda nini?" Mjomba akamjibu, "Chatu naye anaimba? Wacha iwaite tu, kuwashika ni kazi yako." Ningi akakubali, ila uso wake haukukubali.

Siku yenyewe bibi ndiye aliyelifunga lile sanduku kwa kaniki. Mjomba alishatia ufunguo nyumbani, na ile hendeli ya kuzungushia bibi akaichomoa, akaiweka juu ya uchanja isije ikapotea njiani. Hakumwambia mtu.

Mwanzo ulituendea vizuri. Ngoma zetu zilinyamaza kidogo, mjomba akashusha sindano, na watu wakaanza kuja. Kusema haki, waliosikia ni wa mbele tu. Wa nyuma walikuja kwa sababu wa mbele wamekuja. Upande wa kwanza wa sahani ukaisha. Mjomba akageuza, upande wa pili ukaanza, na hapo sauti ya yule mwanamke ikaanza kuzama. Mjomba akapapasa ndani ya kaniki. Akapapasa chini ya sanduku. Akamtazama bibi, na bibi akaishika midomo yake.

Wenzetu waliona. Mmoja wao akapaza sauti, "Mpeni uji huyo mama, amezimia!" Uwanja mzima ukacheka, na watu wakaanza kugeuka kumfuata chatu. Migongo ile naikumbuka mimi mwenyewe, hiyo sikusimuliwa.

Ningi alikuwa amesimama karibu kabisa na sanduku. Sauti ilipokuwa inakata roho, yeye akaipokea. Akaimba hivyo hivyo, polepole, nzito, akizama nayo magoti yakikunjika, na wachezaji nyuma yake, bila kuambiwa, wakazama pamoja naye mpaka wote wakakwama. Huyu mguu juu, yule mkono hewani, mwingine kinywa wazi. Kimya. Waliokuwa wanaondoka wakageuka kuona kumetokea nini.

Bibi alikuwa anawapakulia wachezaji chakula pembeni. Akaja katikati na mwiko wake, akawazunguka akiwakagua, akauliza, "Nyie, mmelala?" Akauegesha mpini wa mwiko kwenye mbavu za ningi, akaanza kuuzungusha.

Ningi akanguruma. Bibi akazidisha. Sauti ikapanda, magoti yakanyooka, miguu ikaamka, ngoma zikaingia, na ningi akaanza kuimba maneno aliyoyatunga pale pale: mwanamke wa pwani amechoka, sisi tuliokula ugali wa huyu mama bado. Kisha wakazama tena, wakakwama tena, na safari hii watazamaji wote wakampigia bibi kelele, "Zungusha, mayu!"

Watu walikuja wakikimbia. Mwishowe kule ng'ambo alibaki mcheza chatu na watoto wachache, halafu naye akaja kuona, nyoka akiwa shingoni. Walimpisha haraka sana.

Jua lilipokaribia kuzama hakuna aliyebishana. Ningi wao alikuja kwa wetu, akampa mkono. Akasema, "Ningeshindwa na sanduku ningekataa. Lakini sanduku lilikuwa limekufa." Tulirudi tunaimba njia nzima, mjomba amebeba mashine yake kichwani kama debe la maji. Bibi baadaye alidai aliiacha hendeli kwa makusudi. Mjomba alikataa katakata. Mimi sijui, nawaachia wenyewe.

Vijana waliohama walirudi. Ngoma ile ilichezwa hadi harusi yangu na miaka mingi baada yake. Sasa haipo, vijana wa kule wako Bugarama kutafuta dhahabu, na uwanja umelimwa.

Fundi mmoja aliyenitengenezea springi alinieleza kwamba zamani, kabla ya vipaza sauti, mwimbaji aliingiza kichwa kwenye pembe kubwa la bati, na sauti yake ikachorwa kwenye nta. Nilimuuliza kama watu hao waliwahi kufika kwetu. Hakujua. Nimenunua sahani nyingi tangu hapo, nikijua humo ningi wetu sitampata. Waimbaji wote nilionao ndani walipelekwa mbele ya mashine. Yeye mashine ndiyo iliyoletwa mbele yake, na ikanyamaza kwanza.