Mashine Isiyokuwa na Moja

Watu wakisikia mama yangu alipiga taipureta miaka ishirini na tisa, hutaka aseme anaikumbuka. Hasa wale ambao hawajawahi kuigusa. "Ule mlio wake ulikuwa raha, eti?" Mama huwatazama kama watu waliopungukiwa. "Raha gani? Ukikosea herufi unaanza ukurasa upya, na bosi yuko mlangoni anakohoa. Ilinila vidole ile." Kisha huwaonyesha kidole cha shahada kilichopinda ncha, na maongezi huishia hapo.

Anachojivunia ni kingine: hakuna karatasi yake iliyowahi kurudishwa. Alikuwa masijala ya vizazi, kwenye chumba chenye dirisha moja na makabati ya chuma yenye droo zinazokwama, akipiga vyeti vya kuzaliwa kutwa nzima. Wenzake walimwita Bi Safi. Changu alikipiga mwenyewe, siku ya kwanza aliyorudi kutoka likizo ya uzazi, maziwa yakimlowesha blauzi. Hilo amelisimulia mpaka nimelikariri.

Basi mwaka huu cheti hicho hicho kikanitoa jasho. Nimesukuma vitanda vya wagonjwa miaka sita. Nimeomba chuo cha uuguzi mara nne, na mara ya nne wakanichukua, kwa sharti kwamba namba ya cheti changu ihakikiwe kwenye mfumo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita saa kumi, nafasi anapewa mwingine. Jumatatu nikaenda masijala. Dada wa dirisha la tatu akaandika namba yangu, sita moja moja nne, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Hupo."

"Sipo vipi, na cheti unacho mkononi?"

"Cheti nakiona. Kwenye mfumo ndiyo hupo. Jaribu kesho, labda ni mtandao."

Jumanne sikuwepo. Jumatano sikuwepo pia, na dada akaniuliza, kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, kama nina hakika wazazi wangu hawakukinunua mtaani. Alhamisi dirisha lilifungwa, wana kikao. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia mama neno ambalo sikupaswa kumwambia: labda ulikosea.

Ijumaa nilimkuta mlangoni amevaa viatu vyake vya kazini.

Tulipanga foleni mpaka mchana ukapita. Zamu yetu ilipofika, mama alikisukuma cheti chini ya kioo. "Mwanangu, andika hiyo namba nikuone." Dada akaandika. Sipo. Mama akaitazama skrini muda mrefu.

"Hivi vya zamani mliviingizaje humo? Mliandika upya?"

"Hapana, mama. Kuna mashine ilivisoma yenyewe, karatasi kwa karatasi. Ile haikosei."

"Aha," mama akasema. "Futa hizo moja zote mbili. Pale weka l ndogo, ile ya lulu."

Dada alinitazama mimi, kama kuniuliza mzee yuko sawa kichwani. Lakini akaandika. Jina langu likatokea, na la mama chini yake, na la marehemu baba.

Mama akamweleza, na mimi nikalisikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Taipureta ile haikuwa na kitufe cha moja. Namba zake zilianzia mbili. Ukitaka moja unabonyeza l ndogo, na kwenye karatasi hakuna binadamu anayeweza kuzitofautisha. Ndivyo walivyofundishwa wote. Ila wenzake walikuja kupewa mashine mpya, zenye moja. Mama alibaki na ya zamani kwa sababu aliimudu.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado.

"Sasa namba ina herufi," dada akasema, "na mfumo haunikubalii kuhakiki namba yenye herufi. Mpaka isahihishwe." Akatoa fomu. Palikuwa na sehemu ya sababu, na visanduku viwili tu: kosa la mwombaji, kosa la mwandishi. Ukiweka alama kwenye cha pili, mwandishi mwenyewe atie saini.

"Hakuna kosa hapa," mama akasema.

"Naelewa, mama."

"Mashine ndiyo haikuwa na moja."

"Naelewa kabisa. Lakini hakuna kisanduku cha mashine."

Mama akaomba kuonana na bosi. Bosi alikuwa ameshaondoka. Akaomba aandike maelezo pembeni ya fomu. Pembeni hapaandikwi. Saa ya ukutani ilisoma saa tisa na nusu, na nyuma yetu hapakuwa na mtu tena. Nilikuwa na hasira, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe. Nilitaka kumwambia aache, twende nyumbani, Bi Safi asitie saini kwenye uongo kwa ajili yangu. Sikumwambia. Nilikitaka chuo.

Mama akaweka alama kwenye kisanduku cha pili, akatia saini taratibu, kile kidole kilichopinda kikiwa juu ya kalamu. Dada akabadilisha herufi mbili, akabonyeza, na uhakiki ukaenda chuoni saa kumi kasoro dakika nane. Nikasema asante.

"Hebu niangalizie," mama akamwambia dada. "Vyenye l viko vingapi?"

Dada akatafuta. Ilichukua muda. "Elfu tisa na mia mbili, mama. Na bado inahesabu."

"Na wenyewe mliwaambiaje?"

Dada akainamia meza. "Tuliwaambia hawapo."

Mama akaufungua mkoba, akaufunga. Kisha akauliza fomu moja inaweza kusahihisha watu wangapi.

"Mmoja, mama. Na lazima aje mwenyewe."

Mama akageuka kulitazama benchi la kusubiria. Lilikuwa tupu, wale walioambiwa hawapo walikuwa wameshakwenda zao siku nyingi.