Mahudhurio ya Shambani

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule ya msingi pembeni mwa mji wa Songea, nilijiona mwalimu bora kwa sababu daftari langu la mahudhurio lilikuwa safi. Aliyekuwepo alipata tiki. Asiyekuwepo alipata duara jekundu, na maduara yakizidi niliandika "mtoro" kwa herufi kubwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri mno kwa kazi ya kijinga kiasi hicho.

Mahindi yakishasimama, familia nyingi huku kwetu hufunga nyumba na kuhamia shambani, maana ukizubaa ngedere watavuna kabla yako. Nililijua hilo tangu utotoni, mama yangu alinihamisha hivyohivyo. Nilipokabidhiwa chaki nikasahau. Binti mmoja wa darasa la saba, mwenye akili kuliko wenzake wote, alikuwa hajaonekana wiki tatu. Orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa ilitakiwa Ijumaa. Nilimwacha nje.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama aliyekaribia kustaafu, aliiona orodha mezani kwangu, akagusa maduara ya yule binti kwenye daftari lililokuwa pembeni yake.

"Huyu umemfuata?"

"Madam, nilipita kwao. Nyumba imefungwa."

"Basi wako shamba. Kesho tunaenda wote, mwanangu, na hiyo orodha uibebe."

Nilinuna. Kesho yake, baada ya vipindi, tulipanda bodaboda hadi lami ilipoishia, kisha tukatembea kwenye matope zaidi ya saa nzima, viatu vyangu vipya nimevishika mkononi. Njia nzima aliniuliza habari za wanafunzi wangu: nani analelewa na bibi, nani haoni vizuri ubaoni, nani anashinda na njaa. Sikujua hata kimoja. Nilijua maduara tu.

Karibu na kibanda chao cha shambani tulisikia sauti, tukasimama ndani ya mahindi. Yule binti alikuwa amewakalisha wadogo zake wawili kwenye gogo, kipande cha mkaa mkononi, hesabu zimejaa mlangoni. Mdogo alipokosea, alirudi nyuma naye taratibu mpaka akapata. Mimi sikuwahi kumrudia mtoto namna ile, na roho iliniuma.

Kisha yule binti akashika kipande cha boksi kama daftari, akakunja uso, akaanza kuita majina ya darasa langu kwa sauti yangu, kikohozi changu kikiwemo. Wadogo zake waliitikia huku wakicheka. Nami nilikaribia kucheka. Akafika kwenye jina lake mwenyewe, nao hawakujua wafanye nini.

"Huyo mtoro," akajijibu. Hakuwa anaigiza tena. "Afutwe."

Masikio yalinichoma kwa aibu. Madam alinisubiri tu, kama alivyozoea kumsubiri mtoto wa darasa la kwanza aliyekwama kwenye herufi.

Nikatoka kwenye mahindi, peku, viatu mkononi.

"Yupo, mwalimu," nikasema.

Mkaa ukamdondoka. Niliikunjua orodha, nikaiweka juu ya gogo, kati ya wadogo zake. Mfukoni nilikuwa na kalamu moja tu, ile nyekundu. Nikaliandika jina lake kwa hiyo.