Kachomoa waya nikiwa nasoma

Jamani, mtu kanizimia kompyuta nikiwa katikati ya kuiponya!

Hapa dukani Likombe tunachapa na kutoa kopi. Tangu asubuhi kompyuta ikiwaka inaishia kwenye skrini nyeusi na maandishi meupe. Kazi za wateja zote zimo ndani. Bosi kasema zikipotea, nisirudi kesho. Na mwanangu bado ananyonya, ananitegemea mimi.

Bando la simu limeisha, siwezi kutafuta mtandaoni. Ila fundi alishanionyesha kwamba maelekezo yamo humo humo kwenye mashine, unaandika jina la amri, yanatokea.

Nikasoma. Kiingereza changu cha darasa la saba, mstari mmoja narudia narudia. Nikaufikia mstari wa kunakili mafaili, nikaanza kuyahamishia kwenye flashi.

Akaingia shemeji yake bosi.

"We mama Nasra, umeingiza virusi! Skrini nyeusi yote hiyo!"

"Kaka, usiguse, naomba usi..."

Keshachomoa waya.

Halafu kampigia bosi, eti, "Nimeiokoa." Na bosi akamshukuru!

Nyie mngemwacha?

Mimi nimeiwasha tena, nasoma upya kutoka juu. Na kiti nimekiegemeza kwenye soketi.

Aje sasa.